Karatasi Niliyoigonga Muhuri

Wanangu, mmenifuata mpaka hapa nyumbani na karatasi yenye maswali kumi na manne, mkitaka niwaeleze jinsi ya kuandaa kongamano la wanafunzi wa nchi mbalimbali. Swali la kwanza ni "changamoto", la pili ni "mafanikio". Karatasi yenu nimeiweka chini ya sahani ya karanga, na msinikasirikie. Nitasema kwa namna yangu, yanayowafaa mtayachambua wenyewe.

Mimi nilikuwa Bibi Maendeleo. Ndivyo tulivyoitwa sisi maafisa wanawake wa maendeleo ya jamii. Uwe na miaka ishirini na mitano au hamsini, wewe ni Bibi tu. Katika miaka ya tisini, kila likizo ndefu ilipofika, vijana wa vyuo vikuu walikuja Shinyanga kwa wiki tatu: Wahindi, Wafini, Waghana, Wazambia, na wa kwetu kutoka Dar es Salaam ambao ndio waliolalamikia maji kuliko wageni. Asubuhi walifanya utafiti, mchana walijadiliana, na siku za mwisho walifanya kazi ya mikono kwa faida ya wanakijiji waliowapokea. Mimi niliwatafutia pa kulala, kijiji cha kufanyia kazi, na maneno ya kuwaombea radhi pale walipokosea. Sikumbuki kambi hata moja ambayo nililala usingizi wa kueleweka. Nilikuwa mtu wa wasiwasi, na mpaka leo ni mtu wa wasiwasi, na nitawaambia kwa nini.

Lakini kwanza chakula. Ninyi mnapanga mada miezi sita, halafu chakula mnakiachia wiki ya mwisho. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea wanafunzi wanne wa Kihindi wasiokula nyama, nami nilikuwa nimechinjisha ng'ombe mzima kwa fahari. Siku mbili walikula wali mtupu wakitabasamu kwa adabu. Siku ya tatu akaja Mama Jayesh, mwenye duka la vitambaa pale mjini, akiwa amebeba masufuria mawili ya dengu, akaniuliza mbele ya wote, "Bibi Maendeleo, hawa watoto wamekukosea nini?" Tangu hapo nilimpelekea orodha ya wageni kabla hata sijampelekea mkuu wangu wa kazi.

Mwalimu wangu hakuwa mtu wa chuo. Alikuwa Mzee Shija, dereva wa Landrova ya ofisi, Msukuma mfupi aliyependa kuvaa koti hata wakati wa jua kali. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi Geita kwa wachimbaji wadogo, wakasome mambo ya zebaki. Vijana wakashuka garini na madaftari, salamu moja tu, swali la kwanza: "Mnapata dhahabu kiasi gani?" Nawaambia, ndani ya dakika tano pale kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, palibaki mbwa na sisi. Mzee Shija akachuchumaa karibu na jiko la mama ntilie, akaanza kuulizia nani hapo anasonga ugali mzuri. Wachimbaji wakarudi mmoja mmoja kubishana. Nusu saa baadaye wakatuonyesha wenyewe wanavyochoma zebaki kwenye kikaango, kikaango kilekile walichokaangia mayai asubuhi. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameyala mayai hayo, akashindwa kuandika tena siku nzima.

"Muulize mtu kwanza jambo analojivunia," Mzee Shija aliniambia tukirudi. "Hayo ya aibu atakuletea mwenyewe."

Sasa niwaambie lile lililonifanya niwe hivi nilivyo.

Miaka ile Usukumani, bibi kizee mwenye macho mekundu hakuishi kwa raha. Walikuwapo watu walioamini kwamba wekundu ule ni alama ya uchawi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifululiza kufa, na mganga akaelekeza kidole upande fulani wa kijiji, watu walitazama macho. Vikongwe waliuawa kwa mapanga. Siyasemi haya kwa kusikia, nilihudhuria misiba hiyo nikiwa kazini, nikaona nyumba zilizobaki wazi. Na ninyi mnaweza kukisia wekundu unatoka wapi: mwanamke amepika miaka hamsini ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa samadi kavu na miti ya pamba, unategemea macho yawe ya rangi gani?

Kambi ya mwaka ule tuliifanya upande wa Mhunze. Kulikuwa na Abena, binti wa Kighana aliyesomea udaktari, kiongozi wa kundi la wenzake wanne. Mpango wao ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kupokea. Wawapime macho akina mama wazee wa kijiji kimoja, wawape dawa, waandike kuhusu moshi, kisha wawajengee majiko yenye bomba la kutolea moshi nje. Abena alijua alichokuwa akikifanya. Aliniambia, "Mama, hata kwetu wapo bibi wanaofukuzwa makwao kwa mambo kama haya." Nilimpenda siku hiyohiyo.

Nilizunguka naye nyumba kwa nyumba siku mbili. Mzee Shija hakuwapo, gari lilikuwa gereji. Tulipata akina mama kumi na mmoja. Wa mwisho tuliyemfikia alikuwa Ng'wana Malale, mjane aliyeishi peke yake karibu na uwanja wa mikutano, mkunga wa zamani, mcheshi sana. Kisukuma changu chenye lafudhi ya Kinyamwezi kilimchekesha mpaka akashika mbavu. Nilipotoa kalamu aliniita mayu, yaani mama, akasema, "Niandike wa kwanza, mayu. Hao wengine wanaumwa, lakini mimi naumwa zaidi." Nikamwandika wa kwanza. Alitaka aone jina lake lilivyo, akalifuata kwa kidole bila kuligusa.

Niliporudi kambini nilifanya nilichofundishwa. Enzi zetu kila kitu kilikwenda kwa nakala tatu: unaweka karatasi mbili za kaboni kwenye taipu, unapiga kwa nguvu ili ya chini isomeke. Moja ya faili, moja ya wahusika, moja ya ofisi ya kijiji. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: ORODHA YA WANAWAKE WAZEE WENYE MACHO MEKUNDU. Chini yake jina la kijiji, na majina kumi na moja. Nikagonga muhuri wa serikali kwenye zote tatu. Niliugonga vizuri, haukuyumba hata kidogo, na nakumbuka nilifurahi.

Nakala ya kijiji nikampa mtendaji wa kijiji. Alikuwa mchapakazi yule bwana, sitaki mumdhanie vibaya. Alisoma, akaona ni tangazo la serikali, akataka akina mama hao wajue kwamba wametajwa kupimwa. Akaibandika mlangoni pa ofisi, pembeni ya bei ya pamba.

Siku ya pili yake asubuhi Mzee Shija alirudi na gari, akapitia kijijini kwanza. Alipofika kambini hakuzima injini. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee Shija." Hakuitikia. Katika miaka yote ile ndiyo mara pekee hakuitikia shikamoo yangu.

"Ile karatasi mlangoni ni yako?" akauliza.

"Karatasi gani?"

"Ya macho mekundu. Ina muhuri." Akanitazama. "Watu wanasema serikali imeleta Wazungu na tochi ya kumulikia wachawi, na hayo ndiyo majibu."

Abena hakujua Kiswahili cha kutosha, lakini aliusoma uso wangu. Nilipomweleza alikaa chini, palepale penye vumbi, na tochi yake ya kupimia macho mkononi. Nilichokuwa nikikifikiria ni jua tu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na niliyajua mambo yale hufanyika giza likiingia. Nilikuwa na muda wa saa tisa.

Njiani Mzee Shija akaniambia lililo baya zaidi. Jirani wa Ng'wana Malale, mwanamume aitwaye Baba Limi, alikuwa amezika mtoto juzi yake. Homa ya siku mbili. Na jina la kwanza kwenye orodha ya serikali lilikuwa la jirani yake.

Tulikuta watu kama thelathini mbele ya ofisi, kimya, wakimsikiliza kijana aliyejua kusoma. Nikakimbilia mlangoni niichane. Mzee Shija akanidaka mkono.

"Ukiichana umewaambia ni kweli, mnaficha tu. Iache. Tumwone kwanza mwenyewe."

Tukaenda kwa Ng'wana Malale. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Jikoni, kile kijumba cha nyuma, majivu yalikuwa bado na moto ndani, sufuria limefunikwa, maji ya kunawa hayajamwagwa. Tuliita. Tukazunguka mpaka kwenye mtama, tukaita tena. Sikuweza kusema kama alikimbia au alichukuliwa. Nilishika ukuta nikatapika, na Abena akanimwagia maji kichwani kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Mzee Shija alitupeleka moja kwa moja kwa ntemi wa sungusungu, kiongozi wa ulinzi wa kijiji. Alikuwa mtu mkavu, mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo moja: "Uliandika nini juu ya hiyo karatasi, nijue cha kuwaambia watu?" Nikamtajia kichwa cha habari. Akafumba macho. Kisha akaagiza dagashida ipigwe mchana huohuo.

Msiifananishe dagashida na mijadala yenu ya viti vya plastiki. Ni mkutano wa kijiji kizima, husimami kabla ya kuruhusiwa, na mkosaji hulipa kwanza ndipo anasikilizwa. Nilitozwa mbuzi kabla sijafungua mdomo, na nilimtoa kwa moyo mmoja. Abena alikuwa amekuja na picha kubwa ya jicho, ya kufundishia, yenye mishipa yote myekundu. Mzee Shija akaiona ikikunjuliwa.

"Mwambie aikunje," akaninong'oneza. "Hilo jicho moja likiwatazama watu hivyo, sisi hatutoki hapa."

Nikasimama. Nilisema kwa Kisukuma changu kibovu kwamba karatasi ile niliiandika mimi, haikuandikwa na serikali wala na wageni. Kwamba wale ni wagonjwa wa moshi. Na kwamba nimekosa kuyaanika majina ya mama zao mlangoni. Nilidhani nitalia, lakini hofu ilikuwa imenikausha hata machozi. Hakuna aliyecheka lafudhi yangu.

Akasimama Baba Limi. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, nayaona mpaka leo.

"Mimi nimezika mtoto," akasema. "Sina maneno mengi. Nyumbani kwangu kuna moshi kama kwa wengine. Mbona macho yangu ni haya? Moshi unachagua watu?"

Watu wakaguna kukubali. Nikamtazama Abena, Abena akanitazama mimi.

Mzee Shija akavua kofia. "Ntemi, naomba Baba Limi aulizwe lini mara ya mwisho alipika."

Kule nyuma wanawake wakaziba midomo. Ntemi hakucheka. Alifikiri kidogo, akanyoosha kidole kwenye jiko la Ng'wana Malale, lililokuwa hatua chache tu kutoka uwanjani. Akasema, "Tutapika sisi. Ugali wa watu wote. Mlango urudishwe." Akachagua wanaume sita, Baba Limi akiwa mmoja wao, kisha akaingia yeye mwenyewe wa kwanza.

Walikaa humo ndani tangu kuwasha samadi mpaka chungu cha pili kiive. Mara ya kwanza mmoja alipochungulia nje, wanawake walimrudisha kwa kelele. Tulisikia wakikohoa, tukasikia mtu akimwomba Mungu. Walipotoka, ntemi alikuwa amejifunika uso kwa shuka, akaligeuza lile shuka akajifuta, na macho yake yalikuwa kama nyanya. Wote saba, macho mekundu, makamasi, midomo wazi. Mke wa ntemi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha uwanja mzima wa wanawake ukacheka, kicheko cha watu waliochoka siku nyingi. Baba Limi alikaa chini ya ukuta wa jiko akalia, na hakuna aliyejua kama ni moshi au ni mtoto, wala hakuna aliyemuuliza.

Karatasi ilichomwa kwenye moto uleule, mbele ya wote. Nikalileta na faili langu, nikachoma na nakala zangu mbili. Kwa kuharibu waraka wa ofisi nilipewa barua ya onyo, nikaisaini bila kinyongo.

Nikiwa hapohapo kwenye kuandika: tangu siku ile sikuandika jina la mtu kwenye utafiti. Namba tu, na ufunguo wa namba ulikaa kichwani mwangu. Kichwa cha habari nilimsomea kwanza mtu asiye wa ofisini, aniambie kinasikikaje kijijini. Na mtendaji nilimweleza kwa mdomo nini kisibandikwe. Ninyi leo mnapiga picha orodha ya washiriki, mnaitupa kwenye kundi la simu, na kabla hamjanywa chai iko Mwanza. Karatasi yangu ilihitaji siku nzima kumfikia mtu mmoja asiyetakiwa kuiona. Nikifikiria hilo nakosa raha, na siombi radhi kwa kuwasumbua nalo.

Lakini hapo mnaniuliza Ng'wana Malale alikuwa wapi. Hata sisi tulijiuliza, siku tatu. Sungusungu walipita vichakani na kwenye mabwawa. Mzee Shija aliuliza kila basi lililopita. Abena hakulala, alikuja hemani kwangu alfajiri kuniuliza kama kuna habari, nami sikuwa nazo. Wanafunzi waliendelea kufyatua matofali kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kila mtu aliyekuja akitembea haraka nilidhani anakuja kuniambia maiti imepatikana.

Siku ya nne utingo wa basi la Geita akaleta salamu. Yuko Kharumwa, kwa binti yake. Mtu alimsomea orodha jioni ileile ilipobandikwa. Alfajiri alifunga kanga mbili na kuanza kutembea. Mimi na Abena tulikumbatiana barabarani kama vichaa.

Majiko yalijengwa yote kumi na moja. La Ng'wana Malale tulilijenga vizuri kuliko yote, tukijua atarudi. Baba Limi alikuja bila kuitwa, akabeba matofali ya jiko hilo kutwa nzima.

Wanafunzi walipoondoka, nilimwomba Mzee Shija anipeleke Kharumwa. Tulimkuta Ng'wana Malale amekaa kibarazani kwa binti yake akimenya viazi vitamu vya kutengenezea michembe, vile vipande vya kukausha. Aliitikia shikamoo yangu kwa wema, akaamuru tuletewe maji. Nilimweleza yote: dagashida, ntemi ndani ya moshi, karatasi ilivyochomwa, jiko jipya na bomba lake. Nikamwambia gari lipo, twende nyumbani. Mwisho nikamwambia kuhusu Baba Limi na matofali, kwa sababu nilidhani hilo ndilo litakalomrudisha.

Alimenya kiazi kile akakimaliza.

"Yule mtoto aliyemzika," akasema, "nilimpokea mimi, kwa mikono hii. Na wakubwa zake wote. Amekaa jirani yangu miaka yote hiyo, mayu. Ilibidi aingie jikoni kwangu nikiwa sipo ndipo anijue?"

Nikapiga magoti pale kibarazani, nikamwomba msamaha.

"Nimesikia, mwanangu," akasema.

Nikasubiri aongeze neno. Hakuongeza. Aliniinua kwa mkono, akatupa michembe ya kula njiani, akatusindikiza mpaka kwenye gari, akasimama upande wa kivuli kwa sababu jua lilikuwa linamchoma macho.